Sheria ya maendeleo ya kimataifa: kazi yenyewe ikoje, usome nini na uanzie wapi (uzi mrefu kwa wanafunzi wa sheria na mawakili vijana)

Wakili_wa_Vijijini ameanzisha uzi:

Habari zenu wakuu.

Kila msimu wa mahafali ukipita, napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana waliomaliza shahada ya sheria: "Kaka, nataka kufanya kazi Umoja wa Mataifa au Benki ya Dunia, nisome masta gani?" Wengi wanaoniuliza hivyo hawajawahi kuona kazi yenyewe inavyofanyika. Wameona picha za mikutano ya Geneva tu. Nimeona niandike kwa kirefu, ili na wengine wenye uzoefu waongezee.

Tuchukue jambo ambalo wengi humu mnalifahamu: mradi mkubwa unapita kijijini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na sehemu kubwa iko upande wetu. Kote linakopita kuna mashamba, nyumba, makaburi na minazi ya watu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema mtu akichukuliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja cha kulipa: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya mwezi mara 36, na faida iliyopotea kwa miezi 36 kama ulikuwa na biashara pale.

Sasa mthamini anafika kwa mzee mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, bati limeshika kutu, imejengwa miaka mingi. Anapiga hesabu ya kuijenga upya, halafu anakata asilimia kadhaa ya uchakavu. Ndivyo uthamini wetu unavyofanyika. Mzee anaoneshwa jedwali la fidia, anaangalia tarakimu ya mwisho, na anajua kabisa hawezi kujenga nyumba kama ile kwa hela ile. Hakuna anayeuza bati lililochakaa kwa bei ya uchakavu.

Ila mradi mkubwa kama huo hutafuta mkopo nje. Wakopeshaji wa miradi mikubwa wanafuata viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, na kiwango namba 5 kinahusu uchukuaji ardhi na kuhamisha watu. Kiwango hicho kinasema wazi kwamba katika kukadiria nyumba na mali, uchakavu usikatwe. Kinadai pia kwamba maisha ya mtu yarudi pale yalipokuwa au yawe bora zaidi, na kwamba kuwe na dawati la malalamiko analoweza kulifikia.

Kwa hiyo nyumba ile ile, mzee yule yule, maandishi mawili yanatoa majibu mawili. Anayekaa katikati, anayesoma yote mawili, anayeandika kwamba mradi ulipe nyongeza ya kuziba pengo, na anayehakikisha nyongeza hiyo imeingia kwenye mpango wa uhamisho kabla mkopo haujatoka, huyo ndiye mwanasheria wa maendeleo ya kimataifa. Anaweza kuwa ameajiriwa na kampuni, serikali, benki au shirika la haki za ardhi. Viti ni tofauti, makaratasi ni yale yale.

Ndiyo maana nawaambia vijana wachague eneo kwanza: ardhi, maji, madini, nishati, biashara ya kuvuka mipaka, upatikanaji wa haki. Ukilijua eneo hilo kuanzia ofisi ya kijiji hadi masharti ya mkopo, wenye kazi watakutafuta wenyewe. Ukiwa na masta ya "sheria ya kimataifa" kwa ujumla wake bila eneo, utashindana na maelfu ya watu wenye karatasi kama yako kutoka vyuo vyenye majina makubwa kuliko chako.

Na sisi hatuingii kwenye fani hii kama wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, na wanafunzi 14. Mmoja wa walimu wa mwanzo, Patrick McAuslan kutoka Uingereza, alirudi miaka ya 1990 kama mtaalamu wa kuandaa rasimu ya sheria zetu za ardhi. Kabla yake, mwaka 1991 hadi 1992, Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi kusikiliza wananchi, ikapendekeza ardhi isibaki chini ya Rais kama mdhamini, na ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa vijiji vyenyewe. Serikali haikulikubali hilo. Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria mbili za 1999 ziliubakiza udhamini wa Rais. Mwanafunzi akisoma ripoti ya Tume, halafu Sera, halafu sheria yenyewe, anajifunza jinsi sheria ya maendeleo inavyotengenezwa: nani aliulizwa, nani aliandika, nani alilipia, na nini kilibaki nje ya mlango. Sijaona darasa la Ulaya linalofundisha hilo vizuri kuliko makabrasha hayo matatu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Binti_Mzumbe:

Shikamoo kaka, asante sana kwa uzi huu. Mimi niko mwaka wa tatu. Nauliza kuhusu mafunzo. Nimemaliza fildi kwenye mahakama ya wilaya, kazi ilikuwa kupanga majalada. Ufaulu wangu ni wa kati, si ule wa daraja la kwanza. Kwa ndoto hizi nina nafasi, au niendelee tu na uwakili wa kawaida? Na hela ya kwenda kusoma nje sina.

---

Wakili_wa_Vijijini:

Marahaba binti. Nafasi unayo, na uwakili wa kawaida usiudharau. Nenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, uapishwe. Wanaoajiri kwenye miradi hii wanapenda mtu anayeweza kusimama mahakamani na kusaini nyaraka, hata kama kazi yenyewe ni ya mezani.

Kuhusu kusoma bila kwenda mbali, anza na vilivyo jirani. Pale Dar es Salaam, Chuo Kikuu kina kituo cha masomo ya sheria za Afrika Mashariki, TGCL, kilichoanzishwa 2008 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth cha Ujerumani. Wanachukua vijana kutoka nchi za Jumuiya kwa shahada za uzamili na uzamivu, na mkazo wao ni sheria ya mtangamano. Arusha, ndani ya ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi, kuna trapca, kituo cha mafunzo ya sera za biashara kilichoanzishwa 2006 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Lund cha Uswidi. Hao ni wa biashara ya kimataifa. Kama moyo wako uko kwenye haki za binadamu, Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kina shahada ya uzamili kwa ajili ya Waafrika iliyoanza mwaka 2000. Darasa ni la watu wachache kutoka kila pembe ya bara, na ufadhili upo. Ukihitimu hapo, mtandao wako unafika nchi nyingi kwa mkupuo mmoja.

Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unadai uwe umefanya kazi saa 2,800, karibu miaka miwili, na baadaye urudi nyumbani. Kwa hiyo anza kuhesabu kazi zako mapema. Kujitolea kunahesabika, ila tunza barua za kuthibitisha.

Vya bure mtandaoni: Umoja wa Mataifa una maktaba ya picha na sauti ya sheria ya kimataifa, mihadhara ya majaji na maprofesa wakubwa, hulipi hata senti. Wanaendesha pia kozi ya kanda ya Afrika kule Addis Ababa, na wanaochaguliwa kwa ufadhili hulipiwa. Kwa mikataba ya madini, nishati na madeni ya nchi, angalia akademia ya chombo cha msaada wa kisheria kinacholelewa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, Abidjan, kinachojulikana kwa herufi ALSF. Kazi yao ni kusaidia serikali za Afrika kwenye meza ya majadiliano dhidi ya kampuni zinazokuja na mawakili kumi.

---

Karani_wa_Zamani:

Mkuu, nakuheshimu, ila tuwaambie vijana ukweli. Fedha za wafadhili zimekauka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada, na Julai mosi mwaka huo huo USAID ikafungwa rasmi. Nimeona ofisi za mashirika zikiuza meza na viti. Watu waliokuwa na masta mbili wamerudi kufanya biashara ya nafaka. Leo unamwambia binti wa watu asomee maendeleo ya kimataifa?

---

Wakili_wa_Vijijini:

Karani, uchungu huo naujua, na watu waliopoteza kazi ni marafiki zetu. Sitaki kuupunguza. Ila ulichokieleza ni kifo cha ajira zilizotegemea mfadhili mmoja. Sheria hizi haziishi kwenye bajeti ya misaada peke yake.

Angalia nchi yetu yenyewe. Mwaka 2018 serikali ilifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, baada ya mabadiliko ya sheria ya 2017. Wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, walikwenda kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha migogoro ya uwekezaji kilicho ndani ya Benki ya Dunia, Washington, wakitumia mkataba wa uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994. Julai 2023 baraza likawapa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata zikafanyika suluhu kwa dola milioni 90. Desemba 2022 ndege ya shirika letu ilishikiliwa Uholanzi kwa madai ya kampuni ya Uswidi iliyoshinda shauri la mradi wa sukari Bagamoyo. Hizo hela zingejenga zahanati ngapi? Nani alisoma mkataba wa 1994 kabla kifungu cha leseni hakijaandikwa? Hilo ndilo swali linalonikosesha raha, na ndilo linalonifanya niwahimize vijana.

Serikali iliunda Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali mwaka 2018, na mashauri haya ndiyo kazi yao. Wizara zinahitaji waandishi wa sheria wanaojua mikataba tuliyosaini. Mabenki yanayokopesha miradi yanahitaji mtu wa masharti ya kijamii na mazingira. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolipwa na USAID.

Na kama kuna anayedhani baraza la kimataifa siku zote ni la mwekezaji tu, asome shauri la Biwater Gauff. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilianza kuendesha maji ya Dar es Salaam, kwenye mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na wenzake. Mei 2005 serikali ikatangaza kuvunja mkataba, na mwezi uliofuata viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Wawekezaji wakashitaki ICSID. Mwaka 2007 baraza likaruhusu mashirika yetu, LEAT, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP, pamoja na mawili ya nje, yawasilishe maoni kama marafiki wa baraza, wakieleza kwamba maji ni haki ya watu na mwekezaji ana wajibu wake. Hukumu ya Julai 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji, lakini haikutoa fidia hata shilingi, kwa sababu kampuni ilikuwa tayari haina thamani wakati inatwaliwa. Mwanasheria wa asasi ya Dar aliyeandika maoni yale alikuwa anafanya sheria ya maendeleo ya kimataifa bila kuhama mtaa wake.

---

Wakili_Mtwapa:

Salamu kutoka Kenya. Niongezee kwa upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba wowote ambao Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hivyo wakili wa kaunti anaweza kuutaja mkataba wa kimataifa mbele ya hakimu leo hii. Vijana wetu wengi hawautumii mlango huo.

Mfano wa ardhi: mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Marsabit, megawati 310, mitambo 365, wakopeshaji wakubwa wa kimataifa nyuma yake. Jamii zilikwenda kortini, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikikaa Meru, ikasema hatimiliki za ardhi ya ekari 150,000 hazikupatikana kwa kufuata sheria. Mitambo ilikuwa inazunguka tayari. Fikiria wewe ni wakili wa benki iliyokopesha, umeamka na hukumu hiyo mezani. Mkopo ulikaguliwa na watu waliosoma vyuo vikuu vya maana, lakini suala la nani alikuwa na haki ya kulisha mifugo pale halikupata jibu la kisheria.

IDLO, shirika la serikali mbalimbali la sheria ya maendeleo lililoanza mwaka 1983 Roma, lina ofisi Nairobi, na Kenya ni mwanachama. Fuatilieni nafasi zao. Lakini mtu akiniuliza niajiri nani, nitamchukua aliyekaa na wazee wa jamii ya wafugaji akaisoma Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 kifungu kwa kifungu.

---

Mukongomani_Bukavu:

Bandugu, mimi niko Bukavu. Musisahau Kifaransa. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na tangu 2022 tuko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu anayejua sheria ya kampuni ya OHADA na pia mfumo wa Kiingereza wa Dar au Nairobi, huyo ni wa kutafutwa kabisa. Mizigo yetu inapita bandari ya Dar es Salaam, mikataba yetu inaandikwa Kifaransa, na kesi ikitokea, kila upande unashangaa sheria ya mwenzake. OHADA ina shule yake ya mafunzo, ERSUMA, kule Porto-Novo, Benin.

Kwa upande wa madini, sheria yetu ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale pale. Lakini kijiji hakina mtu wa kusoma hesabu za kampuni na kuuliza hiyo 0.3 imekwenda wapi. Kazi iko hapo.

---

Msaidizi_Kilosa:

Mimi si mwanasheria wa shahada. Ni msaidizi wa kisheria, nimesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nashughulika na migogoro ya wakulima na wafugaji. Uzi huu una chochote cha kwangu, au ni wa wenye majoho?

---

Wakili_wa_Vijijini:

Ndugu wa Kilosa, una sehemu kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 2023 wakazi wa jirani na Hifadhi ya Taifa Ruaha walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, kuhusu mradi wa utalii wa kusini wa dola milioni 150. Aprili 2024 Benki ikasimamisha utoaji wa fedha, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa. Jopo hilo lipo tangu 1993, na mlalamikaji hahitaji wakili wala ada. Anahitaji maelezo yaliyopangwa: tarehe, mahali, nini kimetokea, nani aliambiwa na akajibu nini. Wewe ndiye unayejua kuandika hivyo, kwa sababu unakaa na watu. Jifunze masharti ya jopo hilo, halafu angalia na chuo cha Lushoto, kina kozi za ngazi ya cheti na stashahada ya sheria, ukitaka kupanda.

Umakini mmoja: mtu anayelalamika anaweza kuomba jina lake lifichwe. Mwambieni hivyo kabla hajasaini chochote.

---

Karani_wa_Zamani:

Nimekuelewa mkuu. Ila nafasi za Umoja wa Mataifa zenyewe ukweli ukoje? Vijana watauliza tu.

---

Wakili_wa_Vijijini:

Mpango wa vijana wataalamu wa Umoja wa Mataifa unachukua walio na miaka 32 au chini, kutoka nchi zilizo kwenye orodha ya mwaka husika, kwa mtihani. Uzito wa Kiingereza na Kifaransa hapo ni mkubwa. Mafunzo kazini ya sekretarieti yao hayana mshahara, na kuishi New York bila mshahara ni kwa wenye wazazi wenye uwezo. Hilo linaniudhi, maana linachuja watu kwa pochi. Kwetu tuna afadhali moja: Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale tangu 2007, Mahakama ya Afrika Mashariki iko pale, na masalia ya kazi za ICTR, mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, yako Lakilaki. Kijana wa Moshi au Babati anaweza kufanya mafunzo kwenye mahakama ya kimataifa akilala kwa shangazi yake. Ombeni nafasi hizo. Msisubiri tangazo, andikeni barua.

---

Binti_Mzumbe:

Kaka, nimeufanyia kazi ule mfano wako wa nyumba ya mzee. Nimezichukua Kanuni za 2001 na kiwango namba 5 cha IFC, nikagawa karatasi safu mbili. Nimekwama sehemu moja. Kuna mtu analima shamba la kukodi, hana karatasi yoyote, mwenye ardhi ni mwingine. Kanuni zetu naona zinamlipa mwenye mali. Kiwango kinasemaje juu ya huyu mlimaji?

---

Wakili_wa_Vijijini:

Hapo umegusa penyewe. Kiwango kinatambua hata mtu asiye na haki ya ardhi inayokubalika kisheria. Hatalipwa ardhi, kwa sababu si yake, ila atalipwa mazao yake na alichojenga, na kama riziki yake inategemea shamba lile, mradi unapaswa kumsaidia kurudisha kipato. Sharti ni awe alikuwapo kabla ya tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo sensa ya waguswa ilifungwa na ikatangazwa. Waliohamia baada ya hapo hawahesabiwi.

Sasa ongeza safu ya tatu: "nani anathibitisha kwamba alikuwapo". Kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji utaona mamlaka ya halmashauri ya kijiji juu ya ardhi yake. Angalia kama muhtasari wa kikao cha kijiji unaweza kutumika kama ushahidi wa huyo mlimaji, na kama jina lake, na la mke wake pia, linaingia kwenye orodha ya mthamini. Ukimaliza hiyo safu, iweke hapa hapa kwenye uzi. Wakili wa Mtwapa ataisoma kwa macho ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya kwao, ndugu wa Bukavu ataiangalia kwa upande wa Kongo, na wewe utakuwa na andiko la kwanza la kuambatanisha kwenye maombi ya TGCL.